Sura ya Saba: Marehemu Alionwa Ijumaa

Muange alizikwa Waa Jumamosi, tarehe tisa Oktoba 1999. Ijumaa iliyofuata, saa saba na dakika nne mchana, kompyuta iliandika kwamba Muange ameonwa nyumbani kwake, yu hai na hana dhara.

Inspekta Kahaso Tembo aliusoma mstari huo mara tatu. Aliweka rula chini ya maandishi, akanakili saa kwenye kijitabu chake, kisha akainua macho.

"Nani aliyemwona?"

"Shutu," alijibu msichana aliyekaa mbele ya kompyuta. "Karani wetu wa afisi ya Msambweni, anayewazungukia mashahidi kwa baiskeli. Jina lake ndilo lililoandikwa."

Walikuwa Ukunda, ghorofani juu ya duka la mabati, katika afisi za Kituo cha Usuluhishi. Ilikuwa Alhamisi alasiri na joto lilikuwa la kuivisha mkate, lakini madirisha ya upande wa barabara yalikuwa yamefungwa kwa komeo. Hayakuwa yamefunguliwa tangu Muange alipouawa.

Kituo kilikabidhiwa mashahidi kumi na mmoja wa kesi iliyokuwa isikilizwe Mombasa Jumatatu. Wote walikuwa wakulima waliotoka bara na kupewa mashamba Shimba Hills. Na wote, katika fujo za miaka miwili nyuma, walimwona aliyegawa petroli ya kuchomea nyumba. Kila mmoja, isipokuwa mama mmoja aliyekataa kuhama, alifichwa katika nyumba ya siri ya peke yake, na nyumba hizo ziliandikwa mahali pamoja tu, katika daftari la kompyuta alilolijenga msichana huyu, Nzisa Makau. Hata hivyo Muange alikatwa mapanga mlangoni mwa nyumba aliyofichwa. Waliobaki wakahamishwa. Jumanne ya wiki hii, nyumba mpya ya Munee huko Gazi ilichomwa moto, na kabla ya kuchomwa mlango wake ulifungwa kwa waya kutoka nje. Munee alipona kwa sababu alikuwa ufuoni akipanda miche ya mikoko.

Nyumba mbili za siri, na zote mbili zilijulikana.

"Mzee," Kahaso alimgeukia mkuu wa Kituo, "uliiona ripoti hii?"

Mzee Kibwana alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua. "Niliiona, binti yangu. Ile ya tarehe mosi vilevile. Mashahidi wote wameonwa siku moja! Nilimwandikia Shutu barua ya pongezi."

"Waa, Gazi, Ramisi na Shimba Hills, ndani ya dakika moja. Ulimpongeza kwa baiskeli gani?"

Kahaso aliburura kiti akakaa karibu na Nzisa, magoti kwa magoti. "Wewe ndiye uliyelijenga daftari. Nyumba zote unazijua. Kwa nini nisikuweke ndani leo?"

"Kwa sababu shahidi wa tisa ni mama yangu."

"Hiyo ni huruma. Nataka hoja."

Nzisa alinyosha mkono akaligusa sanduku la kijivu lililokuwa likivuma chini ya meza. "Hoja ni hii. Seva inayotunza daftari iko hapa, na mimi nakaa nayo kutwa. Nikitaka nyumba nafungua faili papa hapa, na hakuna mstari wowote unaoandikwa. Huyu aliyeandikwa alipita mlangoni."

"Mlango upi?"

"Daftari langu ni kurasa, afande, na kila ukurasa una viungo. Shutu akibofya jina la Muange, ombi linasafiri kwa simu kutoka Msambweni mpaka kwenye hili sanduku, na sanduku linamrudishia ukurasa wa Muange. Chini ya ukurasa huo kuna kiungo kingine, 'Nimemwona leo'. Akikibofya, ombi jingine. Kompyuta yake haifanyi kazi yoyote isipokuwa kuonyesha. Kazi yote inafanyika hapa. Kwa hiyo kila hatua yake ni hodi, na kila hodi inaandikwa."

"Nipe hodi zote za Ijumaa ile."

Karatasi zilitoka kwenye printa zikiwa zimeungana, na Kahaso alizisoma kwa rula, mstari baada ya mstari. Ukurasa wa mwanzo. Orodha ya majina. Shahidi wa kwanza. Ameonwa. Shahidi wa pili. Ameonwa. Baina ya mstari na mstari palikuwa na sekunde mbili. Si tatu wala moja. Baada ya shahidi wa kumi na mmoja ulifuata ukurasa wa Kuhusu Kituo, kisha ukurasa wa Msaada.

Hapo rula ilisimama.

"Huu wa Msaada umefunguliwa mara ngapi tangu daftari lianze?"

Nzisa alibofya, akatazama. "Mara mbili. Tarehe mosi na tarehe kumi na tano. Ijumaa zote mbili."

"Hata siku ya mafunzo hakuna aliyeusoma?"

"Afande, nani husoma Msaada?"

"Ndiyo maana nauliza. Mtu huchagua. Huyu hakuchagua, kila kilichobofyeka amekibofya, kwa mpangilio uleule kilivyopangwa kwenye ukurasa, tena kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Hata marehemu hakumruka. Je, kuna mashine inayoweza kufanya hivyo?"

Polepole, Nzisa aliweka kiganja mdomoni. "Ipo. Programu ya kuvuna kurasa. Watu wa mahoteli huitumia kwa sababu laini hukatika. Unaipa ukurasa mmoja, inafuata viungo vyote, inakusanya kila kitu, halafu unasoma baadaye bila simu." Aliutazama tena ule mstari wa Muange. "Kosa ni langu. 'Nimemwona' ilipaswa kuwa fomu yenye kitufe. Kiungo ni cha kusoma, kitufe ni cha kutenda. Programu ya kuvuna haibonyezi vitufe. Nilikuwa na haraka, nikaweka kiungo."

"Ungeweka kitufe," alisema Kahaso, "tusingejua."

*

Kahaso hakumwita Shutu kituo cha polisi. Msambweni ni mji mdogo, na mtu akiitwa polisi saa kumi, saa kumi na moja hata mbuzi wanajua. Alimfuata nyumbani kwake nyuma ya soko, akiwa peke yake, akapiga hodi kama mgeni wa harusi.

Shutu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sugu za baiskeli viganjani. Alipoona kitambulisho, uso ulimsawijika.

"Shikamoo, afande," alisema, ingawa alimzidi umri.

"Marahaba tusipeane, Shutu, wewe ni kaka yangu. Ijumaa saa saba ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Ijumaa, saa saba, nitakuwa wapi? Wallahi waulize safu nzima."

"Nakuamini. Kompyuta uliiacha katika hali gani?"

"Imewaka."

"Kwa jina lako? Baada ya kuandika neno lako la siri?"

"Afande, laini ya Msambweni waijua? Asubuhi nazungusha mara thelathini, mara arubaini, ndipo inashika. Ikishika, siiachii mpaka jioni. Ukiiachia adhuhuri umekwisha. Utazungusha mpaka kidole kiote sugu. Sote twafanya hivyo. Ukiikamata, waifuga."

"Kwa hiyo uliiacha wazi, ukatoka. Ndani alibaki nani?"

"Hapakuwa na mtu."

"Mlango ulifunga?"

"Nilirudishia."

"Hukufunga kwa ufunguo?"

"La, nimfungie fundi ndani ana kosa gani?"

Kahaso hakuinua sauti. "Umesema hapakuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu, afande. Fundi tu. Bwana Mulinge, yule mtaalamu wa Nairobi. Huja kila Ijumaa kujaribu mfumo wake mpya. Nilidhani wauliza watu wa kuingia ovyo."

Nje, mke wa Shutu aliacha kutwanga.

"Shutu, nyumba za mashahidi wazijua zote?"

"Nazipanda kwa baiskeli kila wiki. Hata nikifumba macho."

"Basi sikiliza, uanze kupumua. Mtu anayezijua nyumba hana haja ya kuzivuna. Aliyevuna ni mtu asiyezijua. Wewe umetoka katika orodha yangu." Alisimama. "Kesho utakwenda kazini kama kawaida. Utaikamata laini yako, na saa sita na nusu utakwenda msikitini kama kawaida. Fundi akikuuliza habari, jibu njema. Waweza?"

Shutu aliitazama mikono yake. "Afande, mimi nikiogopa huwa naongea sana."

"Basi zungumzia mpira."

*

"Lakini Mulinge ni mtaalamu," alisema Mzee Kibwana walipokaa tena Ukunda, jua likiwa bado juu ya minazi. "Mtaalamu hawezi kujua kwamba ameandikwa?"

Swali hilo ndilo lililokuwa likimkera Kahaso njia nzima kutoka Msambweni. Hakupenda mwizi mwerevu aliyekosea kijinga. Mara nyingi mwizi kama huyo alikuwa amesingiziwa na mtu mwingine. Alimtazama Nzisa.

"Hajui," alisema Nzisa. "Si kwamba hana akili. Ni mazoea yake ya kazi. Mfumo anaojenga yeye ni skripti tupu, maagizo ya kuendeshwa na kompyuta yako mwenyewe. Ukiufungua, unashusha mzigo mzima kwenye kompyuta yako kwa mara moja, majina yote, ramani zote, kisha kila unachobofya kinatendeka hapo hapo mbele yako. Seva haisikii tena kitu. Kwa laini ya Msambweni ukurasa wake wa kwanza ulichukua dakika kumi na moja kufika, akalaumu laini. Daftari langu aliliita ubao wa matangazo." Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Kwake yeye ukurasa ni karatasi. Umeuchukua, umeondoka. Hajawahi kufanya kazi mahali ambapo kusoma ni kubisha hodi."

Kahaso aliandika maneno mawili, 'kubisha hodi', akayapigia mstari. "Amevuna tarehe mosi, Muange akafa. Tukahamisha watu. Amevuna tarehe kumi na tano, Munee akachomewa. Tumehamisha tena jana. Kesho ni Ijumaa, na baada ya kesho hana Ijumaa nyingine kabla ya kesi. Atavuna." Aligeuza ukurasa. "Namtaka akiwa kwenye kiti, na nawataka wanaomngoja. Daftari hili laweza kumwekea mtego?"

"Laweza." Nzisa alijibu upesi mno, kama mtu aliyekwisha kuwaza jambo hilo akalikimbia. "Naweka kiungo cha herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Binadamu hakioni. Mashine inakifuata. Kinampeleka kwa shahidi wa kumi na mbili."

"Asiyekuwepo."

"Asiyekuwepo. Na mara seva ikiombwa ukurasa huo, najua kwamba aliyeko mlangoni si Shutu."

"Nyumba yake iwe Gazi, ile ya mlango wa buluu tuliyopewa na chifu. Andika mwanamke, peke yake mpaka Jumapili, ameona sura ya aliyemtuma mgawa petroli. Wakimwogopa watakuja wengi. Wakimdharau watakuja wachache."

Nzisa aliandika. Anwani nyingine tisa walizibadilisha moja moja, wakaweka vibanda vitupu na mashamba yasiyo na nyumba. Kisha wakafika kwenye ukurasa wa tisa, na Nzisa akaondoa mikono kwenye kibodi.

Kaluki, mama yake, hakuwa amehamishwa na Kituo hata mara moja. Shimba Hills nzima ilimjua aliko. Asubuhi hiyo Nzisa alikuwa amekwenda kumsihi, akarudi na ujumbe: "Mwambie afande wako nilihamishwa na wenye mapanga. Sitahamishwa tena na wenye karatasi."

"Huu tukiubadilisha," Kahaso alisema, "Mulinge atajua kuna mtego. Ni nyumba pekee anayoweza kuihakikisha."

"Najua."

"Nina askari wanne na gari moja na dereva wake. Mmoja atakaa na mama yako, ana bunduki. Huko juu redio haishiki."

"Najua, afande. Usinieleze mara mbili."

Kahaso alingoja. Nzisa aliufunga ukurasa wa tisa kama ulivyokuwa.

"Jambo moja zaidi," alisema Nzisa, akijifuta uso kwa kiganja. "Afisi ya Msambweni ina simu moja tu, na kompyuta ikiitumia kuvuna, mtu hawezi kupiga. Programu ile haimpi mtu kitu mpaka imalize. Hukusanya kwanza, huandika kwenye disketi mwisho. Naweza kuhakikisha haimalizi. Baada ya shahidi wa kumi na mbili naweka ratiba ya ziara, mwezi mmoja kwa ukurasa, na chini yake kiungo cha mwezi ujao. Seva yangu itaitunga miezi mpaka Kiyama."

"Kwa mwendo wa sekunde mbili."

"Kwa mwendo wa sekunde mbili. Yeye ataona umebaki ukurasa mmoja. Daima umebaki mmoja."

Kahaso aliifunika kalamu yake. "Nani angejua kwamba subira ya Mulinge ndiyo itakayomponza," alisema Mzee Kibwana.

*

Ijumaa, Kahaso alingoja Gazi, nyuma ya banda la samaki, ndani ya Land Rover iliyofunikwa makuti. Msambweni kwenyewe asingeweza kukaa. Uso wake ulijulikana. Askari wawili walikuwa ndani ya nyumba ya mlango wa buluu. Wa nne, Konstebo Ziro, alikuwa Ukunda na redio, kiti chake kikigusana na cha Nzisa.

Saa sita na nusu. Wanaume wa Gazi walipita na kanzu zao kwenda msikitini, kisha kijiji kikanyamaza. Hakuna mtoto aliyelia. Kahaso aliyaona mabaki ya nyumba ya Munee ng'ambo ya njia, nguzo nne nyeusi, na waya ukiwa bado umezunguka kizingiti kisicho na mlango.

Saa saba kamili. Saa saba na dakika tano.

Redio ilikwaruza. "Afande," ilisema sauti ya Ziro, iliyopanda kama ya kijana anayebalehe. "Ameingia. Orodha. Wa kwanza. Wa pili... anakwenda, afande, anakwenda kama cherehani."

"Usihesabu. Niambie nyeupe tu."

Kahaso aliutazama mshale wa sekunde. Shati lilimganda mgongoni.

"Nyeupe!" Na nyuma ya Ziro, sauti ya Nzisa ikisema neno la Kikamba lililofanana na sala.

Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Barabara ya Msambweni ilikuwa na mashimo ya kuzika ndama. Kahaso alishika redio mdomoni njia nzima. "Bado yumo?"

"Yumo, afande. Mwaka elfu mbili na ishirini na mbili."

Walipita minazi, walipita lori la miwa la kutoka Ramisi lililoziba njia, dereva akakanyaga majani. "Bado?"

"Yumo. Thelathini na moja."

Mtu yeyote mwenye shaka angekuwa amekwisha kung'oa waya. Kahaso alijua hivyo, na kila dakika alitegemea kusikia Ziro akisema laini imekatika. Haikukatika. Mulinge alikuwa akingoja ukurasa mmoja.

Aliteremka mbali na afisi, akatembea. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Alichomoa bastola, akausukuma kwa kidole.

Mtu aliyevaa tai alikuwa ameketi kumpa mgongo, miwani imeteleza puani, shati limeloa makwapani. Kwenye kioo cha kompyuta palisomeka: Ratiba ya ziara, Mei 2044.

"Shutu, umerudi mapema, bwana," alisema bila kugeuka.

"Zimebaki ngapi?" Kahaso aliuliza.

"Mmoja," alijibu Mulinge. Ndipo alipogeuka.

Kahaso aliwahi kuwaona watu wakikamatwa. Wengine hukimbia, wengine hucheka, wengine huuliza wakili. Mulinge aliitazama bastola, kisha akaitazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha Kahaso, na ni ile saa iliyomfanya alegee.

"Kata hiyo laini," alisema. "Please, madam. Nikamate, lakini kata laini kwanza."

"Kwa nini?"

"Wanangoja simu yangu. Saa saba na nusu. Nisipopiga watajua nimeshikwa, na wataenda kwa yule ambaye hahami. Yule mama wa Shimba Hills. Walisema hivyo. Kama hakuna majina mapya, wanaanza na huyo wa zamani."

"Wako wapi?"

"Kwale mjini. Ni simu ya duka. Siwajui, naapa. Walikuja kwangu na picha ya binti yangu akitoka shule. Picha tu. Hawakusema kitu, waliiweka mezani wakaenda."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini na sita.

Kahaso alilipima jambo hilo kama alivyopima mistari ya karatasi. Kutoka Kwale hadi shamba la Kaluki ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Askari mmoja, bunduki moja, redio isiyoshika. Kutoka Msambweni yeye asingefika kabla yao hata gari lingeota mbawa. Mtego uliomzuia Mulinge kupiga simu ulikuwa, kwa dakika nne zilizobaki, ukimfungia Kaluki mlango kwa waya.

Aliushika waya wa simu nyuma ya kompyuta akaung'oa. Machi 2049 ikaganda. Aliuchomeka kwenye simu ya mezani, akasikiliza. Laini ilikuwa hai. Kisha akachana karatasi kijitabuni, akaandika mistari mitatu, akaiweka mbele ya Mulinge.

"Utasoma hii. Usiongeze neno, usipunguze."

"Sauti yangu itanisaliti."

"Unapowapigia, huwa inatetemeka?"

"Kila mara."

"Basi haitakusaliti."

Mulinge alizungusha nambari. Kidole kilimteleza, akaanza upya. Mara ya pili laini haikushika. Mara ya tatu ililia, na ikapokewa kabla mlio wa kwanza haujaisha. Kahaso aliliweka sikio lake karibu na sikio la Mulinge. Alinusa jasho lake.

"Umechelewa, fundi," ilisema sauti, ya upole, sauti ya mtu anayeuza vitambaa. "Gari limeshawashwa."

"Ni laini. Laini ya huku..."

"Soma."

Mulinge alisoma. Mwanamke. Gazi, nyumba ya mlango wa buluu, nyuma ya banda la samaki. Peke yake mpaka Jumapili. Ameona sura.

Upande wa pili ilisikika injini ya gari, na mtu akikohoa.

"Sura ya nani?"

Karatasi haikuwa na jibu hilo. Mulinge alimtazama Kahaso kwa macho ya mtu anayezama. Kahaso alinyosha kidole juu, pale ambapo wakubwa hukaa.

"Ya mkubwa," alisema Mulinge.

"Na bibi wa mlimani?"

Kahaso alitikisa kichwa.

"Huyo hatoki," alisema Mulinge, na sauti ilimvunjika kama alivyoahidi. "Huyo mtamkuta siku yoyote."

"Kweli." Mtu yule aliuondoa mdomo kwenye simu, lakini alisikika vizuri. "Geuzeni gari. Tunashuka Gazi." Laini ikakatika.

Kahaso aliirudisha simu mahali pake. Aliandika saa: saba na dakika thelathini na moja. Alimfunga Mulinge pingu kwenye mguu wa meza ya chuma, akachukua disketi zote na waya wa simu, akatoka mpaka kwenye gari kuzungumza na redio.

"Ziro, mwambie Nzisa mama yake hawajamfikia. Hawaendi huko leo. Gazi, mnanisikia? Mna dakika arubaini. Washeni jiko, moshi utoke, mtu akiwa mbali aone nyumba ina mwenyewe. Nanyi mwingie chumba cha ndani."

"Afande," ilijibu Gazi, baada ya kusita. "Wakichungulia dirishani? Wamesema mwanamke. Sisi sote wawili tuna ndevu."

Kahaso aliitazama suruali yake na viatu vyake vya polisi. Barabarani waumini walikuwa wakitoka msikitini, na Shutu alikuwa mbele yao akitembea upesi, kofia mkononi. Alipomwona alisimama.

"Shutu," alisema Kahaso, akianza kufungua kamba za viatu, "kimbia kwa mkeo uniletee leso zake mbili. Mwambie zile zilizochakaa."